Mti wa uani umedhoofika: utazame nini, na umwite nani

Mwembe ukikauka tawi moja, jirani wa kwanza atasema ukatwe, na wa pili atasema anamjua kijana mwenye msumeno wa moto. Kabla ya magharibi mti uliopandwa na babu umeshakuwa kuni. Ukweli ni kwamba Unguja na Pemba miti mingi ya majumbani haifi kwa maradhi. Inakufa kwa kazi ya mikono yetu: kifusi, saruji, moto wa taka, na panga la mtu aliyeitwa kwa pupa. Ndiyo maana hapa tunakwenda kwa dalili. Dalili ikishajulikana, sababu hutafutwa, halafu ndipo unapojua kama kazi ni ya mkwezi, ya mkata matawi, ya bwana shamba, ya watu wa umeme, au ni yako mwenyewe na jembe lako. Mwenye msumeno awe wa mwisho kuitwa.

Anza chini. Watu wengi huinua shingo kutazama majani, na sababu iko miguuni pao. Fagia majani makavu kwenye kitako cha mti, uzunguke pande zote, uguse gome, ukwangue kidogo kwa ukucha kwenye vitawi: kijani chini ya gome ni uhai, hudhurungi kavu ni tawi lililokwisha. Kisha jiulize nini kilibadilika uani katika miaka miwili mitatu iliyopita. Mti mkubwa una akiba, hauanguki siku ulipoumizwa. Ukuta uliojengwa mwaka juzi unaweza kuonekana kileleni mwaka huu.

Unakauka polepole kuanzia nchani

Hii ndiyo dalili ya mwembe, mfenesi, mzambarau na mparachichi kwenye nyumba mpya. Vitawi vya juu vinabaki vitupu, majani yanakuwa madogo, mti unazaa kwa wingi mwaka mmoja halafu unanyamaza. Mwenye nyumba anasema umezeeka. Haujazeeka, mizizi yake imekosa pumzi.

Mizizi inayolisha mti haiko chini sana. Mingi iko kwenye futi mbili za juu za udongo, na inakwenda mbali kupita ukingo wa kivuli. Sasa mtu akijenga, kifusi cha msingi kinamwagwa chini ya mwembe kwa sababu ndipo penye nafasi, kinasawazishwa, kinashindiliwa, na juu yake yanalazwa matofali ya pevingi mpaka yanagusa gome. Maji hayashuki, hewa haiingii. Tazama shina linavyoingia ardhini: mti mzima hupanuka kwenye kitako kabla ya kuzama. Ukiona shina limenyooka moja kwa moja ndani ya mchanga bila kupanuka, umezikwa.

Dawa yake ni jembe na subira. Ondoa kifusi taratibu mpaka kitako kionekane, ukitumia mikono na kijiti ukikaribia mizizi. Ng'oa pevingi angalau hatua mbili kuzunguka shina, na pakiwezekana zaidi. Weka majani makavu, makumbi ya nazi au mboji kwenye eneo hilo, unene wa kiganja, lakini yasiguse gome. Mwagilia mara chache kwa maji mengi wakati wa kiangazi, badala ya kikopo kila jioni. Halafu usubiri misimu miwili ya mvua kabla ya kuuhukumu mti. Matawi yaliyokufa yakatwe, mabichi yaachwe, hata kama mti unaonekana mbaya. Majani hayo machache ndiyo yanayouponya.

Kama hakuna kifusi, tafuta haya mengine. Mtaro wa bomba au shimo la karo lililochimbwa upande mmoja hukausha upande huohuo wa mti; linganisha. Moto wa taka unaowashwa kila Jumamosi penye shina huua gome la upande ule, na gome lililokufa hulia tupu ukiligonga kwa mpini wa kisu. Kamba ya kuanikia nguo au waya uliofungwa miaka mingi huzama kwenye shina na kulikaba. Ukate, uache vipande vilivyomezwa na mti, usivichimbe. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia, yakimwagwa pale pale kila siku, nayo hayafai.

Na maji ya kisima. Karibu na pwani visima vingi vimeingia chumvi. Kama ncha na kingo za majani zinaungua, na katikati ya jani bado kijani, onja maji yako kabla ya kumlaumu mdudu. Mnazi na mkungu huvumilia. Mparachichi hauvumilii kabisa, mwembe huvumilia kidogo.

Neno kuhusu mchwa. Ukiona njia zao za udongo juu ya gome usikimbilie sumu. Mara nyingi wanakula gome lililokwishakufa, na kilichoua gome hilo ni kitu kingine katika orodha hii. Bomoa njia, tazama chini yake. Gome zima, basi waondoshe tu kwa kufagia. Gome bovu, rudi utafute sababu.

Majani yanageuka manjano

Tazama ni majani gani. Yakianza ya zamani, ya chini, mti una njaa, na samadi iliyoiva itasaidia. Yakianza machanga, manjano lakini mishipa imebaki kijani, basi tatizo ni la ardhi ya mawe ya matumbawe.

Wenye nyumba wa Makunduchi, Jambiani, Paje na upande wa Micheweni wanaijua ardhi hiyo: maweni, udongo kiganja kimoja halafu jiwe. Chokaa ya jiwe hufunga madini ya chuma, mti hauyapati hata kama yapo. Mchungwa, mlimau na mwembe huonyesha haraka. Hapa ndipo desturi nzuri inapodhuru: jivu la jikoni. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wa mashamba ya kati, jivu ni chakula kizuri cha mnazi, lina potasiamu. Kwenye maweni linaongeza kile kile kinachoukaba mti. Peleka mboji, samadi na majani kwa wingi, na ukihitaji dawa ya chuma ya kunyunyizia majani, muulize bwana shamba wa wilaya kipimo chake. Huyo ndiye wa kuitwa hapa. Mkata matawi hana la kufanya kwenye jani la manjano, na akikwambia analo, analo la mfukoni.

Majani meusi, sakafu inanata

Utando mweusi juu ya majani ya mpera, mstafeli, mwembe au mlimau hufutika kwa kidole. Si ugonjwa wa jani. Ni ukungu unaoota juu ya utamu unaodondoshwa na wadudu wafyonzao. Geuza jani. Chini yake utakuta nzi weupe wadogo wanaoruka ukigusa, au magamba, au vidungata vyenye unga mweupe. Paa la gari chini ya mti litanata pia, na wengi huanza kulalamikia gari.

Mti mdogo uoshe kwa maji ya shinikizo na sabuni ya kipande iliyoyeyushwa, chini ya majani, asubuhi au jioni, na urudie kila wiki mpaka wapungue. Kwenye mti mkubwa punguza matawi ya ndani hewa ipite. Usimwite mtu wa pampu anyunyize dawa kali mti mzima juu ya kisima na banda la kuku. Atawaua pia wadudu wanaowala hao, na mwezi unaofuata watarudi wengi zaidi.

Nyuzi za manjano zisizo na majani zinazoparamia ua na vichaka, hizo ni mlangamia. Hauna dawa ila kuung'oa pamoja na vitawi ulivyovishika na kuvichoma, kabla haujatoa mbegu.

Mnazi

Mnazi unahitaji maelezo marefu kwa sababu haufanani na mti mwengine wowote uani. Una kilele kimoja tu. Ukiharibiwa shaha, yaani ule moyo laini wa kilele, umekwisha, hakuna tawi la kuchukua nafasi. Na shina lake halizibi jeraha: kidato kilichokatwa na mkwezi zamani kitakuwepo mpaka siku mnazi unaanguka, na ndani yake maji hukaa, kuvu huota, na wadudu wanaotafuta mlango wanaupata. Sharti la kwanza la kumwajiri mkwezi liwe hilo: hakati vidato. Mkwezi mzuri anapanda kwa kamba ya miguu au kwa ngazi, na hawezi kukasirika ukimwambia.

Sharti la pili ni makuti. Mnazi mrefu hutoa takriban kuti moja kwa mwezi, na kila kuti hubeba kole la nazi kwapani mwake. Mkwezi "anayesafisha" mpaka kilele kibaki na makuti matano yaliyosimama wima amepunguza nazi za mwaka ujao. Mwambie akate makavu, na yale yaliyoning'inia. Kuti lililolala usawa wa mkono ulionyooshwa pembeni, na yote ya juu yake, yasiguswe. Avute na karara kavu, vilifu na makole matupu, kwa sababu ndimo panya wanamojenga.

Sasa dalili. Makuti yaliyofunguka yakiwa na mkato wa herufi V au yamepungua kwa mstari ulionyooka, ni chonga, yule mbawakawa mweusi mwenye pembe. Huingia usiku kwenye kilele, hutoboa makuti yakiwa bado yamekunjwa, na jeraha huonekana wiki nyingi baadaye kuti likifunguka. Mama mmoja wa Fuoni alimwita mkwezi wake kwa jambo hili, na yule mzee hakupanda kwanza.

"Shikamoo mzee. Makuti haya yamekatika vipi, ni panya?"

"Marahaba mwanangu. Panya hana kazi hii. Ule mnazi mlioangusha, gogo lake liko wapi?"

Gogo lilikuwa nyuma ya banda la kuku, limekuwa benchi la watoto. Mzee alilipiga shoka ubavuni, likafunguka laini na lenye unyevu, na ndani mlikuwa na funza weupe wamejikunja, wanene kupita kidole gumba, wenye kichwa cha hudhurungi. Wote hao walikuwa njiani kwenda kileleni. Ndipo alipopanda na waya mgumu wenye ncha iliyopinda, akatafuta tundu lenye nyuzi zilizotafunwa mdomoni, akatoa chonga wawili.

Mpango mzima wa kazi ni huo. Chonga hutolewa kwa waya, lakini vita vyenyewe viko chini: magogo ya minazi yaliyokufa, visiki, na rundo la samadi lililoachwa. Pasua gogo, likauke, lichome au uligeuze mbao na kuni. Samadi ipindue kila baada ya wiki chache, kuku watamaliza funza. Kwenye makwapa ya makuti matatu manne ya juu ya mnazi mchanga, weka mchanga uliochanganywa na mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, urudie mvua zikishaosha. Ukimwacha chonga, tundu lake huwa mlango wa fukusi wa minazi, na huyo anakula shaha kwa ndani. Kuti changa la katikati likiinama na kuvutika kwa mkono, lenye harufu ya uozo, mara nyingi umechelewa. Uangushwe na gogo lisiachwe.

Vidaka, yaani nazi changa kabisa, vikipukutika, usistuke haraka. Mnazi hudondosha sehemu kubwa ya vidaka vyake wenyewe, na kiangazi kirefu huzidisha. Ila kama hakuna kinachofika kitale, na vichache vinavyobaki vina makovu ya gundi iliyokauka, anayefanya hivyo ni kunguni wa minazi. Wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi, na Zanzibar ina historia naye: utafiti uliomfichua, pamoja na adui yake, ulifanywa hapa visiwani miaka ya 1950. Adui yake ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Mnazi uliojaa maji moto huzaa. Uliofukuzwa maji moto na sisimizi wadogo wenye vichwa vikubwa wanaoishi kwenye kitako, haubebi.

Na hapa tunajidhuru wenyewe, maana maji moto wanauma, mkwezi hawapendi, watoto hawawapendi, na mtu wa dawa ya kunyunyizia huwapiga wa kwanza. Kama unao kwenye mwembe au mchungwa, waache. Unaweza hata kuwapa njia: kamba au mti mwembamba uliolazwa kutoka kilele hadi kilele, ili wavuke bila kushuka chini walipo sisimizi. Siku ya kuangua, mkwezi atalalamika. Mwongezee kidogo.

Nazi zenye ngozi ngumu ya hudhurungi iliyopasukapasuka kuanzia kwenye kikonyo, zikabaki ndogo, ni utitiri wasioonekana kwa macho. Nazi inaliwa. Dawa ya nyumbani yenye maana haipo zaidi ya kuulisha mnazi na kuondoa vidaka vilivyoanguka.

Mwembe hauzai, au embe zina funza

Wapo wanaoupiga mwembe mapanga shinani ili "uogope" na kuzaa. Wakati mwengine unazaa kweli, kwa sababu jeraha huzuia chakula kushuka kwenye mizizi. Mwaka wa pili jeraha hilo hilo linaingiza kuvu. Kabla ya kufika huko tazama mambo matatu. Umri: mwembe wa kokwa unaweza kukaa miaka minane bila ua. Kivuli: ukiwa umezibwa na mshelisheli au ghorofa la jirani, utarefuka badala ya kuzaa. Na la tatu, ulipogolewa lini? Mwembe huchanua kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Ukikatwa wakati wa kipupwe, ukiwa karibu kuchanua, umekatwa maua. Wakati wake ni mara baada ya kuvuna, kabla masika haijashika.

Maua yakigeuka meusi na kuanguka siku za unyevu, hiyo ni chule. Yakifunikwa unga mweupe, ni ubwiri unga. Yote mawili hupungua mti ukifunguliwa katikati hewa ikapita. Kazi hiyo ni ya mkata matawi anayejua kupogoa, na asiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mwaka.

Funza ndani ya embe ni watoto wa nzi wa matunda. Kosa kubwa ni kuacha embe zilizoanguka ziozee chini, kwani funza huingia kwenye mchanga, anatoka nzi. Okota kila asubuhi, zika kwa kina cha futi mbili, au wape ng'ombe. Ukifanya peke yako mtaani utapunguza kidogo tu. Ongea na majirani. Mitego ya kunasa madume ipo kwa watu wa kilimo.

Mkarafuu

Kwa Pemba, na kwa wachache wa Unguja wenye mkarafuu uani. Ukiona mkarafuu mzima uliokomaa umebadilika rangi na kukauka wote ndani ya muda mfupi, majani yakiwa bado juu, hicho ni kifo cha ghafla. Watafiti wa miaka ya 1950 walikihusisha na kuvu Valsa eugeniae anayeua mizizi. Hauponi. Ukikauka tawi moja moja, ni jambo jengine: kuvu imeingia penye tawi lililovunjika wakati wa kuchuma, na tiba ni kukata chini ya sehemu iliyokufa, kwenye mti mbichi safi, kwa msumeno mkali. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, kwa hiyo anayechuma kwa kuvuta tawi anapanda ugonjwa. Na hata uwe mkavu kabisa, usiuangushe kabla ya kupita kwa sheha na watu wa kilimo. Mkarafuu una sheria yake, ya mwaka 2014.

Umeinama, una ufa, una uyoga

Hapa haraka inaruhusiwa. Mnazi ulioinama tangu utotoni, ukapinda kurudi juu, hauna neno. Mti ulioinama juzi baada ya mvua, na udongo wa upande wa pili umeinuka au una ufa, ni hatari leo. Wahamishe watoto na mbuzi kwanza. Uyoga mgumu kwenye kitako maana yake ndani kunaoza. Gonga kwa nyundo kuzunguka shina usikilize panapolia tupu. Shina likiwa na sehemu tupu ndani bado mti unaweza kusimama, lakini usiamue mwenyewe kama uko juu ya chumba cha kulala.

Masika na kusi ndizo zinazoonyesha miti mibovu. Dhoruba kubwa ni nadra kwetu, lakini ile ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Tawi la juu ya mabati likatwe wakati wa jua, usingoje wingu.

Tawi likiwa karibu na waya wa umeme, kazi si yako wala ya kijana wa mtaani. Piga simu ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wazime au walikate wenyewe. Upembo mbichi uliolowa hupitisha umeme, na bomba la chuma ndilo baya zaidi.

Mizizi ikinyanyua pevingi, kama ya mkungu, usiikate yote upande mmoja. Ndiyo nanga ya mti. Kuhusu karo: mzizi mara chache huvunja ukuta mzima, huingia penye ufa uliokwishakuwepo. Fundi mwashi aitwe kabla ya mtu wa msumeno.

Popo wakubwa wakilala kwenye miti yako Pemba, ujue ni wanyama wasioishi popote duniani ila kisiwani humo. Watu wa Kidike wamewafanya kivutio. Usiukate mti kwa ajili ya harufu.

Kumwajiri mtu

Kazi zinatofautiana na watu wake wanatofautiana. Mkwezi anajua mnazi. Usimpe mwembe wa futi hamsini kwa sababu tu anapanda. Mwenye msumeno wa moto anajua kuangusha na kupasua; kupogoa ni ufundi mwengine. Bwana shamba hapandi popote, lakini ushauri wake hukuokolea mti. Tafuta mtu kwa kutazama miti aliyoikata mwaka jana, si kwa kusikiliza. Matawi yamekatwaje? Miti imeota vipi tangu hapo?

Zipo dalili za mtu asiyefaa, nazo huonekana kabla hajashika panga. Anasema "tuukate kichwa, utapumua". Mti uliokatwa kichwa hutoa ufito mwingi dhaifu kutoka kwenye mbao zinazooza, na baada ya miaka mitatu ndio huo unaoanguka juu ya bati. Anakuja peke yake, bila mtu wa chini. Hana kamba ya kushushia tawi. Yuko tayari kupanda mti umelowa. Na hakuulizi kuhusu kibali.

Kibali ni jambo la kweli. Ukataji wa miti Zanzibar unasimamiwa na sheria ya misitu, namba 10 ya 1996, na safari huanzia kwa sheha wako, kisha watu wa misitu. Kupogoa matawi makavu hakukusumbui. Kuangusha mti mzima ulize kwanza. Muulize na mwenye msumeno kama chombo chake kinatambuliwa. Fundi mwenyewe akikwepa swali hilo, umeshajibiwa.

Kisha malipo, na hili ndilo linaloua miti zaidi kuliko chonga. Mtu akikwambia "sitaki pesa, nipe gogo", anza kushuku. Mbao za mfenesi zina wateja, shina nene la mwembe linatafutwa na wachonga mitumbwi. Anayelipwa kwa gogo ataona ugonjwa kwenye kila mti wenye gogo zuri. Lipa pesa kwa kazi uliyoitaja, na kuni zikiwa zake ziwe juu ya malipo, si badala yake. Kubalianeni kwa ujumbe wa simu, mistari minne inatosha: matawi gani, nani anabeba taka za miti na wapi, nani analipa bati la jirani likipasuka, pesa ngapi sasa na ngapi baada ya kufagia. Mjulishe jirani siku moja kabla. Mbuyu au mkwaju wa zamani, usishangae mkataji akitaka kisomo kwanza au akakataa. Mwache, usimlazimishe mtu apande na moyo mzito.

Simama uangalie tawi la kwanza nene. Mtu anayejua hukata kwanza kutoka chini, futi moja kutoka shinani, theluthi ya unene. Kisha hukata kutoka juu mbele kidogo ya hapo, tawi linaanguka bila kuchana gome. Mwisho anaondoa kile kipande kilichobaki, akiishia nje kidogo ya ule uvimbe ambapo tawi linaungana na shina. Akikata ndani ya uvimbe, jeraha halitaziba. Akiacha kisiki kirefu, kitaoza mpaka ndani. Hakuna haja ya kupaka chokaa, rangi wala oili chafu. Ukiona gome limechanika kuteremka shinani kwenye tawi la kwanza, simamisha kazi, mlipe alipofika.

Baada ya kazi

Vichipukizi vingi vikitoka palipokatwa, mti umekatwa kupita kiasi. Usiviondoe vyote, acha viwili vitatu vilivyokaa vizuri, punguza vingine mwaka unaofuata. Mshelisheli ukijeruhiwa mizizi utatoa miche mbali na shina, na hiyo ni zawadi: ichimbue na mzizi wake, uipande kwengine. Utomvu ukitoka kwenye jeraha la mwembe kwa siku kadhaa hauna shida. Unga wa mbao ukitoka kwenye tundu dogo wiki baadaye una mdudu mtoboa shina ndani, na waya mwembamba uingizwe mpaka ufike mwisho wa tundu.

Kisiki cha mnazi ndicho kinachosahaulika. Mkataji huondoka, mwenye nyumba hupanda maua juu yake, na chonga anakuja kutaga. Mwambie akichimbue kabla hajalipwa sehemu ya mwisho, au akipasue vipande vinne na kuvichoma mpaka chini ya usawa wa ardhi.